Weka Alama Ulipofika

"Kumbukumbu haitoshi," kompyuta iliandika, na Fundi akaitolea macho kana kwamba imemtukana mbele ya wakwe zake.

Ilikuwa saa moja asubuhi, Jumamosi, ndani ya masjala ya hospitali, na hata chai alikuwa hajaionja. Alikuja kufunga programu mpya ya kumbukumbu za wagonjwa. Programu yenyewe iliingia bila ubishi. Dakika ishirini tu, ndiyo, ndiyo, endelea, maliza. Kilichobaki ni kuijaza. Na cha kuijaza kilikuwa faili moja, moja tu jamani, lenye gigabaiti kumi na moja: miaka thelathini na moja ya kadi za wagonjwa, zilizochapwa na makarani kwa miaka miwili kisha zikafungwa pamoja kuwa skripti. Skripti ni maagizo tu. Tengeneza droo, weka kadi hii, weka na ile, weka na nyingine. Ila haya yalikuwa maagizo milioni nne, na huyo aliyeyafunga aliona raha kuyarundika yote kwenye faili moja badala ya kuyakata vipande kama mtu mwenye huruma na wenzake.

"Si ulifungue tu ulisome?" baba yake aliuliza kutoka meza ya pili.

"Halifunguki, Baba. Kubwa mno. Ukilibofya, kompyuta inataka kulimeza lote kwa mpigo, inakabwa."

"Basi ilishe kidogo kidogo. Mstari kwa mstari."

"Ndicho ninachotaka kufanya."

"Mimi ndivyo ninavyosoma."

"Najua, Baba."

Alijua mno. Baba yake ndiye alikuwa mkuu wa masjala hiyo, na hospitali nzima, kuanzia wafagiaji hadi madaktari, ilimwita Mzee Rula, kwa sababu ya rula ya mbao iliyokaa mfukoni mwa shati lake tangu enzi za mkurugenzi wa kwanza. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: usiondoe jicho kwenye daftari kabla hujaweka alama ulipofika. Rula chini ya mstari, nukta ya penseli pembeni, ndipo uitike ulivyoitwa, hata kama aliyekuita ni Daktari Mkuu mwenyewe na paa linavuja. Ya pili: kosa halifutwi. Unalipitishia mstari mmoja kwa rula, ili kilichokuwapo kiendelee kusomeka, unaandika kilicho sahihi, na aliyekosea anaweka sahihi yake na saa. Makarani wangapi wamelia kwa sheria hizo mbili, Mungu ndiye anajua. Hata nyumbani hakukuwa na ahueni. Mama mtu akiandika vitunguu kwenye karatasi ya sokoni halafu akabadili mawazo, alitakiwa kutia sahihi.

Sasa sikiliza kisa chenyewe kilivyokaa. Katibu wa hospitali, bwana mmoja wa viatu vya kung'aa na maneno ya mikutanoni, alikuwa na mwaka mzima anaimba kwamba masjala inahitaji mtu "anayeendana na wakati." Barua alishaiandaa: Mzee Rula ahamishiwe stoo ya mashuka, akahesabu mashuka na foronya mpaka atakapostaafu. Aliyeikatalia barua hiyo ni Daktari Mkuu, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Alisema mfumo mpya ufungwe kwanza. Ukifika saa kumi jioni ya Jumamosi unafanya kazi, na Mzee akaweza kumtolea kadi ya mgonjwa mbele ya macho yake, Mzee atabaki kwenye meza yake. La sivyo, Jumatatu ni mashuka.

Fundi aliposikia hivyo, aliiomba kazi hiyo kwa bosi wake mpaka ikawa aibu. Akapewa. Na kwa miezi miwili, kila jioni, alikaa na baba yake sebuleni akimfundisha kushika mausi: kiganja hivi, kidole cha shahada hapa, unabofya mara moja, taratibu, usikandamize kama unaua mdudu. Mzee alijifunza kwa bidii ya mtoto wa darasa la kwanza. Ilipofika mwisho wa mwezi wa pili, mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa makarani wake. Fundi alijisifu sana kwa hilo, masikini.

Asubuhi hiyo wakati wanatoka, mama yake alimvuta pembeni ya mlango. "Mwanangu, nakujua ulivyo. Usimpandishie baba yako sauti leo."

"Nimpandishie sauti kwa lipi, Mama?"

"Nimesema tu."

Haya. Akaachana na kubofya, akafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe, ambalo unaandika amri kwa mkono na kompyuta inalitafuna faili mstari kwa mstari, kama Mzee alivyotaka. Kila mistari elfu kumi ikishaingia, dirisha linaandika: Tayari 10,000. Tayari 20,000. Ukipiga hesabu, saa mbili na nusu kazi imekwisha. Saa moja na dakika ishirini akabonyeza, namba zikaanza kupanda.

"Sasa imefika wapi?" Mzee aliuliza.

"Thelathini elfu."

"Na sasa?"

"Baba, ndiyo kwanza umeuliza."

Alimwacha hapo akiwa ameegemea meza, shingo mbele, anazisoma namba kwa midomo. Yeye alikuwa na kompyuta nyingine za kufungia programu, kwenye dirisha la dawa na wodi ya wazazi, na nyaya zake zilikuwa zimesokotana nyuma ya makabati ambayo hayajasogezwa tangu yalipoingizwa. Alipanda, alishuka, alitambaa sakafuni, alitoka na utando wa buibui kichwani. Saa tatu kamili alirudi masjala akitarajia kukuta namba iko mbali.

Tayari 1,340,000.

Akasubiri. Mtambo unaweza kuvuta pumzi. Dakika tano. Tayari 1,340,000. Akaangalia nafasi ya diski, ipo. Akaangalia waya wa mtandao, umeshika. Akaweka kiganja juu ya kompyuta kama anampima mtoto homa. Dakika kumi. Namba ile ile, imemkodolea macho.

Simu zilishika kwenye ngazi tu, tena ngazi ya tatu kutoka juu, ukishuka moja umepotea. Akasimama hapo akampigia Injinia, bosi wake, aliyekuwa kwake Jumamosi hiyo na sauti ya mtu aliyeshiba.

"Imekwama milioni moja na kitu," Fundi alisema.

"Ajabu. Kwangu ilikwenda vizuri."

"Kwako ni kwako, bosi. Huku imegoma."

"Basi iue, futa zilizoingia, anza upya. Usijaribu kuiendeleza katikati, utapata kadi mbili mbili za mgonjwa mmoja. Lakini kwangu ilikwenda vizuri kabisa."

Fundi alikata simu kabla mdomo haujamponza. Akarudi masjala, akalifunga dirisha jeusi.

"Mbona unafunga?" Mzee aliinuka nusu kwenye kiti. "Mimi nilikuwa nime—"

"Baba, tafadhali. Tafadhali sana."

Mzee akarudi kukaa. Lakini alimtazama mwanawe kwa lile jicho alilokuwa akimtazamia zamani kila akirudisha daftari la shule na ukurasa umechanwa.

Kufuta kulikula dakika zake. Saa tatu na dakika ishirini skripti ikaondoka tena kutoka sifuri, na safari hii Fundi aliapa hatatia mguu nje. Alikaa. Akaletewa chai, akainywa bila kutazama kikombe. Laki tano. Milioni. Ilipovuka ile milioni moja na laki tatu na arobaini, alipiga meza kwa furaha, Mzee akamwaga chai kwenye soksi. Milioni moja na nusu. Milioni mbili. Baba yake aliuliza imefika wapi mara kumi na nne, naye akamjibu mara kumi na nne, na hiyo ya kumi na nne alijibu meno yakiwa yamefungwa. Mzee akaona bora ajishughulishe na daftari lake la wageni, maana mtu hakanyagi masjala hiyo bila kuandikwa saa aliyoingia na saa aliyotoka.

Saa tano, simu ikatetemeka mezani. Injinia. Ikakata. Ikatetemeka tena, ikakata tena, masjala mtandao unafika kwa kimstari kimoja na kupotea. Bosi akipiga mara mbili huwezi kujifanya kiziwi. Fundi akatoka mbio hadi ngazi ya tatu.

"Nilitaka tu kujua imefika wapi," Injinia alisema.

Mungu nipe subira, Fundi aliomba moyoni.

Aliporudi, Katibu alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kiti cha Fundi, mguu juu ya mguu, mkono mmoja kwenye mausi. Mzee Rula alikuwa amesimama ukutani na daftari lake la wageni kifuani.

"Nilikuwa naangalia tu," Katibu alisema akiinuka. "Hii namba hapa ndiyo nini, hii milioni mbili laki saba na sabini?"

"Ndipo tulipofika, mheshimiwa."

"Mpaka sasa? Nilidhani saa tatu mtakuwa mmemaliza." Alijipangusa suruali kana kwamba kiti kilikuwa na vumbi. "Wakati haumsubiri mtu. Saa kumi ni saa kumi. Mzee, shikamoo, nimekuacha."

Mzee aliitikia, akatazama saa ya ukutani, akaandika.

Fundi akakaa. Kiti kilikuwa bado kina joto la yule bwana, na hilo pekee lilitosha kumchefua. Akainua macho.

Tayari 2,770,000.

Hapana, alijisemea. Hapana, hapana, hapana. Akahesabu mpaka sitini. Akahesabu tena. Ilikuwa imekwama, kavu, mahali pengine kabisa na pa mwanzo. Hilo ndilo lililomtia kichaa. Kungekuwa na kadi moja mbovu ingekwamia palepale kila mara, angeitafuta, angeitoa. Lakini kitu kinachokwama popote kinapojisikia, unakishika wapi? Alilaumu umeme. Alilaumu joto. Alimlaumu aliyeunda hilo faili, na mwalimu aliyemfundisha, na huyo mwalimu wa mwalimu. Alisubiri nusu saa nzima kwa ukaidi tu, kisha akapanda ngazi, akaambiwa kwamba kwa Injinia ilikwenda vizuri, akashuka, akaua, akafuta.

"Umefunga tena," Mzee alisema polepole.

"Nimefunga tena."

"Na hukuangalia."

"Niangalie nini, Baba? Nimeangalia mpaka macho yanawasha!"

Ile "washa" ilitoka juu kidogo. Akamkumbuka mama yake, akameza mate.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Skripti ikaondoka mara ya tatu. Ikienda bila kusimama, itafika saa nane na dakika kumi. Muda upo, lakini wa mara moja tu, hakuna mwingine. Fundi aligeuka mlinzi. Hakunywa, hakula, hakushika simu. Mkojo ulimbana kuanzia saa sita na nusu, akavumilia, akakunja miguu, akaunyoosha mgongo, akavumilia. Saa saba muuguzi akachungulia mlangoni: Daktari Mkuu yuko wodi ya wazazi, printa imetema karatasi hamsini tupu, anamtaka fundi sasa hivi.

Dirisha liliandika Tayari 2,130,000.

"Nenda, mama," Mzee alimwambia. Akiwa na huruma humwita binti yake mama. "Mimi nitakuangalizia."

"Usiguse kitu, Baba."

"Niguse nini mimi?"

"Chochote. Usiguse kabisa."

"Nenda."

Alikwenda. Alipita chooni kwanza, tuseme ukweli. Printa ilimchelewesha kuliko alivyofikiri, na aliporudi saa saba na nusu hakuhitaji hata kuketi. Aliona akiwa mlangoni.

Tayari 2,210,000.

Safari hii hakupiga kelele. Aliketi, akashika tama. Aliingoja mpaka saa nane kasoro robo, akijua kabisa haiji. Akapiga hesabu kwenye kiganja, akaipiga tena kwa kuwa hakuipenda: akiua sasa, kufuta, kuanza upya, saa mbili na nusu, ni kumi na nusu jioni. Imekwisha. Alimwona baba yake kwenye stoo isiyo na dirisha, na rula yake mfukoni, anahesabu foronya. Miaka thelathini na moja. Machozi yalimlengalenga, na aliyachukia kwa sababu hayakuwa na msaada wowote.

Hata hivyo, kilichokufa kimekufa. Akasogeza mausi kwenye kona ya juu ili alifunge lile dirisha.

"Usifunge!"

Fundi aliruka kitini. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia baba yake akipaza sauti ndani ya masjala.

"Mara ya tatu sasa!" Mzee alikuwa amesimama, mishipa imemtoka shingoni. "Mtu nakaa hapa, nakuwekea alama vizuri, unakuja unafunga bila hata kutazama! Ndivyo nilivyokulea? Kila nikitaka kusema, Baba tafadhali, Baba tafadhali!"

"Alama gani?"

"Hiyo hapo!"

Akachomoa rula, akaweka ncha yake kwenye kioo. Mwanzoni mwa ile namba ya mwisho, juu ya tarakimu ya kwanza, palikuwa na kisanduku cheupe, kidogo kama punje ya vumbi.

"Namba zinakimbia," Mzee alisema, sasa kwa sauti yake ya kila siku. "Jicho linapotea. Umeitwa, umekwenda, nikasema ukirudi utajuaje ulipofika? Nikakuwekea alama. Nikabofya, mara moja, taratibu, bila kukandamiza. Kama ulivyonifundisha."

"Nilikwambia usiguse kitu."

"Sijagusa kitu. Nimeweka alama."

Fundi alikitazama kile kisanduku. Kisha akapandisha macho hadi ukingo wa juu wa dirisha, ambako jina la kazi lilikuwa limeandikwa, na mbele ya jina lilikuwa limejipachika neno moja dogo ambalo siku nzima hakuliona: Chagua. Ukibofya ndani ya dirisha lile jeusi, linadhani unataka kunakili maandishi. Linasimama. Linasimamisha kila kitu na kukungoja kwa adabu, saa nzima, siku nzima, mpaka umalize kuchagua. Skripti haikuwa imekufa. Haikuwa imekufa asubuhi wala adhuhuri. Mara mbili alikuwa ameua kitu kizima chenye afya yake.

Akabonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia, cha kuingiza.

Kisanduku kikatoweka. Tayari 2,220,000. Tayari 2,230,000.

"Baba!" Alishika kichwa kwa mikono miwili. Ahadi kwa mama yake ilikwenda na maji. "Baba! Tangu asubuhi! Saa sita nzima nimegombana na umeme, nimegombana na bosi, nimemlaani hadi mwalimu wa mwalimu wa watu, kumbe ni wewe na kidole chako! Nimekasirika! Nimekukasirikia wewe, nimejikasirikia na mimi, maana hili hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaambiwa, na kulizuia ni kuondoa tiki moja tu kwenye mipangilio ya dirisha, tiki moja, nami sikuiondoa!" Aliiondoa palepale, kwa hasira, akakaa anahema.

Mzee alikuwa ameketi. Alikuwa ameiweka rula juu ya magoti.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Fundi akageuza kiti, akamwelekea. Hasira ilikuwa bado imejaa kifuani, na huruma nayo inasukuma ipate nafasi, na vyote viwili vilimuuma. "Ni mimi niliyekufundisha," alisema mwishowe.

"Kubofya tu kunaisimamisha?"

"Kubofya tu."

"Mtu yeyote akibofya?"

"Hata paka akibofya, Baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akalichukua daftari la wageni, akarudisha kurasa, akasoma kitu, akaenda kwenye meza yake na kuanza kuandika kwenye kikaratasi. Aliandika kwa muda mrefu. Fundi alidhani amenuna, akamwacha.

Saa tisa na dakika tano dirisha jeusi likaandika neno lililokuwa likisubiriwa tangu asubuhi, Imekamilika, na milioni nne zote zilikuwa ndani. Fundi alihesabu droo, akakagua, akachapa fomu ya kukabidhi kazi. Kwenye Imesimama mara ngapi alijaza tatu, lakini mstari uliofuata ulimchoma: Sababu ya kuchelewa. Alimtazama baba yake kwa pembe ya jicho. Akaandika: Hitilafu ya mtambo. Mtambo hauna meza ya kunyang'anywa, alijisemea.

Saa kumi kasoro robo waliingia, Daktari Mkuu mbele, Katibu nyuma na faili lake kwapani. Daktari Mkuu hakukaa. Alimtajia Mzee namba ya kadi ya kale, ya mwaka wake wa kwanza kazini. Mzee akavuta kiti, akachapa kwa kidole kimoja, akabofya mara moja, taratibu. Kadi ikaja. Hata sahihisho la tarehe lililofanywa mwaka ule lilikuja nalo, pamoja na herufi za karani aliyekosea.

"Sawa," Daktari Mkuu alisema. Hilo kwake ni shairi zima.

Lakini Katibu alikuwa ameshaichukua fomu. "Samahani, Daktari. Imesimama mara tatu. Hitilafu ya mtambo?" Alitabasamu upande mmoja. "Mtambo mpya kabisa? Mimi napenda uwazi. Kama humu ndani kuna mkono wa mtu asiyeendana na mitambo, tujue leo kabla hatujamkabidhi kumbukumbu za hospitali nzima."

"Ni mtambo," Fundi alisema haraka.

"Nipe hiyo," Mzee alisema.

"Baba, acha."

Mzee alivaa miwani. Akailaza fomu mezani, akaweka rula, akapitisha mstari mmoja ulionyooka juu ya Hitilafu ya mtambo. Fundi alihisi kama mstari huo umepita juu ya tumbo lake. Kisha Mzee akatoa kile kikaratasi chake, akanakili bila haraka, na watu wakasimama wakimngoja. Alipomaliza, Katibu akainama na kusoma kwa sauti.

"Saa mbili na dakika kumi, kazi ilisimama kwa kubofywa. Aliyekosea, mkuu wa masjala. Sahihi. Saa saba na dakika tatu, kazi ilisimama kwa kubofywa. Aliyekosea, mkuu wa masjala. Sahihi." Akainuka, uso umemwaka. "Mzee, barua yako umejiandikia mwenyewe. Daktari, umeona."

"Umeruka mstari," Mzee alimwambia.

"Mstari upi?"

"Wa katikati."

Aliigeuza fomu ili imwelekee Katibu, akaweka rula chini ya mstari wa pili ili jicho lisipotee. Mstari huo ulisema: Saa tano na dakika nne, kazi ilisimama kwa kubofywa. Aliyekosea. Na mbele ya neno hilo palikuwa peupe.

Katibu alicheka kidogo, halafu akaacha.

Mzee alifungua daftari la wageni. "Saa tano na dakika mbili, Katibu ameingia. Ameketi kiti cha fundi. Saa tano na dakika nne, amebofya akiuliza namba ni ya nini. Saa tano na dakika saba ametoka."

"Nilikuwa naangalia tu!"

"Hata mimi," Mzee Rula alisema, na akamnyooshea kalamu.

Daktari Mkuu alisoma fomu, akasoma daftari, akaitazama saa ya ukutani. "Mwenzako ameweka mbili," alisema. "Wewe una moja tu. Weka sahihi, Katibu, twende zetu. Na ile barua ya mashuka usiniletee tena."

Katibu alisaini akiwa amesimama, haraka, herufi zimelala. Walipotoka, viatu vilisikika vikiwahi ngazi.

Fundi alijitupa kwenye kiti. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumkumbatia baba yake na kumtikisa kwa wakati mmoja. Simu ikatetemeka, ikakata. Injinia. Angempigia baadaye kwenye ngazi, amwambie kwamba hata huku imekwenda vizuri.

"Lete, niifaili," alisema, akinyoosha mkono kuichukua fomu.

Mzee hakuiachia. Kalamu ilikuwa bado iko wazi. Aliisogeza rula hadi mstari wa juu kabisa, pale iliposomeka bado Hitilafu ya mtambo chini ya wino wake.

"Hapa nimekata," alisema. "Nani aliandika?"

"Baba, si nilikuwa nakusitiri wewe?"

"Najua, mama. Nimeona." Macho yalikuwa yamemlowa nyuma ya miwani, lakini mkono wenye kalamu ulikuwa palepale. "Weka sahihi. Na saa."

Fundi alivuta pumzi ndefu, akalalamika kwamba kuna wazazi na wazazi, akatia sahihi. Akatazama ukutani, akaandika: saa kumi kasoro dakika mbili.